Risala ya Kuyapongeza Maumivu Mapya

Mkoa wetu wa Simiyu haujambo kwa kusifia. Tunaisifia pamba na kuiita dhahabu nyeupe hata msimu ambao bei yake inatia huruma. Tunasifia ng'ombe, tunasifia dengu na choroko, na kabla mkoa haujazaliwa mwaka 2012, vyama vyetu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilikuwa vimekwisha kusifiana na kutukanana hadi vumbi likapanda. Lakini sijapata kusikia mtu akiyasifia maumivu, hasa yale mapya yanayobisha hodi wakati mgonjwa anapunguza dozi ya steroidi. Naomba nizibe pengo hilo. Nitazungumza nikiwa nimekaa, maana kusimama bado kuna masharti yake.

Ugonjwa wangu unaitwa polimialjia rumatika. Daktari wa Uskoti, William Bruce, aliueleza mwaka 1888, lakini jina hili refu ulilipata mwaka 1957. Unawapata waliovuka miaka 50, na unajulikana zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, hasa Skandinavia. Kwa hiyo mimi, Msukuma ambaye sijawahi kushika pasipoti, nina haki ya kujivuna kidogo. Unakamata mabega yote mawili na nyonga zote mbili, na asubuhi mwili unakuwa umekauka kwa muda wa kutosha chai kupoa. Mke wangu alikuwa akinivisha shati: anaingiza mkono mmoja, anazunguka nyuma ya kiti, anautafuta wa pili, huku akinisemesha habari za mbuzi ili nisione aibu.

Nikaanzishiwa prednisoloni miligramu 15 kwa siku. Jumapili haikufika, nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Hapo ndipo nilipokutana na msifiaji hasa, anayesifia kuliko manju wa ngoma. Dawa ile iliniambia kwamba mimi ni kijana. Iliniamsha usiku wa manane kula michembe na karanga. Uso ukavimba ukawa duara, na majirani nao wakadakia. "Mwangaluka, mwalimu! Mwaka huu AMCOS imekulipa vizuri!" Nikajibu mwangaluka, nikaacha waamini kwamba ni hela ya pamba kutoka chama cha ushirika.

Dawa za kundi hili la steroidi zilianza na vishindo. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo kule Rochester, Minnesota, Philip Hench na wenzake walimchoma sindano ya kotisoni mwanamke mmoja aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench na wanakemia wawili, Kendall na Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobeli. Halafu yakaja mengine: mifupa kudhoofika, sukari kupanda, presha, macho, usingizi kupotea. Tangu hapo daktari mwenye busara huingiza dawa hii haraka na kuitoa polepole sana.

Polepole hiyo ndiyo makao ya mheshimiwa wangu, Maumivu Mapya. Vitabu vinasema ukishafika miligramu 10, punguza moja kila mwezi. Mimi vidonge vyangu ni vya miligramu 5, kwa hiyo hesabu inafanywa kwa wembe. Unageuza sahani ya bati, unaweka kidonge juu ya kitako chake, unakandamiza wembe kwa kidole gumba huku umebana pumzi. Nusu inabaki, nusu inaruka. Safari moja ilirukia mlangoni, na jogoo alifika kabla yangu. Jogoo yule mpaka leo hana shida yoyote ya mabega. Daktari akaona heri nimeze 10 leo, kesho saba na nusu, ili wembe na jogoo wapate nafasi ya kupumzika.

Na hapo Maumivu Mapya yakaingia. Kwanza goti la kulia, kisha kidole gumba cha kushoto, kisha kiuno. Mtu asiye na adabu angelalamika. Mimi nasema haya ndiyo ya kwanza kuniambia ukweli tangu nianze dawa. Prednisoloni haikufunika polimialjia peke yake, ilifunika kila kitu, cha mgeni na cha mwenyeji. Goti lililosagika kwa miaka ya ubao na jembe lilikuwa limenyamazishwa pamoja na mabega. Dozi iliposhuka, likapata nafasi ya kuendelea kusema kuanzia lilipoachia.

Tazama pia elimu yanayotoa. Zamani kuumwa kulikuwa kuumwa tu. Siku hizi nikiamka nahojiana na mwili wangu kwa makini kuliko hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ni mabega yote mawili au moja? Ni asubuhi au baada ya kazi? Nikitembea mpaka zizini na kurudi, linalegea au linazidi? Maumivu ya pande zote mbili, yenye kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya dakika 45, ndiyo dalili kwamba ugonjwa umerudi, na huenda ESR, kile kipimo cha damu cha uvimbe, ikapanda tena na dozi ikabidi ipandishwe. Goti moja linalouma jioni baada ya kupalilia ni goti tu. Kiuno kilichochomwa ghafla, baada ya kuinua ndoo, nacho si cha kupuuzwa kwa mtu aliyekula steroidi muda mrefu, maana huenda pingili ya mgongo imebonyea. Yote naandika kwenye daftari, na daktari hulisoma kuliko anavyonitazama mimi.

Kuna pia uchovu wa mwili mzima, viungo kuuma ovyo, kichefuchefu, kizunguzungu ukiinuka. Hapo wa kulaumiwa ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kwa kawaida kila siku zinatengeneza kotisoli inayolingana na miligramu 5 hivi za prednisoloni. Zilipoona ya vidonge inaingia bure, zikajilalia, kama kibarua aliyeona trekta limeingia shambani. Kuziamsha kunachukua miezi, pengine zaidi. Anayeacha vidonge ghafla kwa sababu mabega yamepona anaweza kuzimia, hata kufa, tezi zingali usingizini.

Heshima ya kijamii nisiisahau. Msibani sasa napewa kiti cha plastiki wakati wenzangu wa rika langu wanakunja miguu mkekani. Gari la pamba likija kupakia, hakuna anayenitazama. Kila anayenisalimia ana tiba: mwarobaini, mlonge, na kijana wa duka la dawa ana diklofenaki yake, ambayo ukiichanganya na prednisoloni unajitafutia vidonda vya tumbo. Mwaka 2011 watu walisafiri mpaka ng'ambo ya Serengeti, kijijini Samunge, kunywa kikombe cha Babu wa Loliondo kwa shilingi 500, wakakesha foleni. Maumivu Mapya yanakufuata mwenyewe nyumbani, bila nauli.

Mmoja tu katika ukoo huu simsifu, na akitajwa naomba watu wasicheke. Ni maumivu mapya ya kichwa, hasa kwenye panja, ngozi ya kichwa kuuma ukichana nywele, taya kuchoka ukitafuna, au jicho kuona ukungu au vitu viwili viwili. Mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imevimba, na ndugu huyo wa polimialjia hupofusha. Huyo haandikwi kwenye daftari kusubiri kliniki. Unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa bodaboda usiku.

Waliobaki wote karibuni. Nimefika miligramu saba na nusu, dozi itashuka tena baada ya mavuno, na najua mtakuja. Ombi langu ni moja: mkija mabegani, mje bega moja tu, mniache nilale nikijua si ugonjwa uliorudi. Na kama mna hiari, chukueni la kushoto. La kulia lina jembe.