Tumshukuru Kijana wa Marejesho

Tuwe waungwana, tumshukuru anayestahili. Katika jiji hili la Dar es Salaam, ambamo hata mjumbe wa nyumba kumi hajui tena nani kahamia na nani kahama, amebaki mtu mmoja anayejua unakaa wapi, unafanya kazi kwa nani na mama mkwe wako anapatikana kwa namba gani. Ni kijana anayedai marejesho ya mikopo ya mtandaoni.

Muadhini hajamaliza, yeye yuko hewani. Anakuita kwa majina yako yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, heshima uliyoipata mara ya mwisho ulipofunga ndoa. Hasalimii. Salamu hula muda, na kwake muda ni riba.

Wenye husuda huiita mikopo hii kausha damu. Uliomba laki moja, ukaingiziwa elfu sabini, na baada ya siku saba unadaiwa laki kamili. Hawaoni fadhila zake: hukuombwa barua ya serikali ya mtaa wala hati ya kiwanja, na hukukaa kwenye kikao cha kikoba ukieleza shida zako mbele ya majirani. Ulibonyeza mara moja tu kuruhusu, na majina yote yaliyomo kwenye simu yako yakawa dhamana.

Majina hayo ndiyo uwanja wa kipaji chake. Ukichelewa kidogo, ujumbe unamfikia bosi, fundi bomba, katibu wa jumuiya na yule binti mliyesoma naye Tabora: huyu ni tapeli, amekuandikisha wewe kuwa mdhamini wake, mwambie alipe. Ndugu ambao hawakuonekana hata msibani, leo wanapiga mmoja baada ya mwingine kuuliza kulikoni. Shangazi wa Mtwara analia. Fundi bomba, ambaye naye anakudai, anataka ajue yeye yuko nafasi ya ngapi. Ukoo mzima umeunganishwa asubuhi moja, na hukuchangia hata senti.

Kwenye majadiliano ana huruma ya ajabu. Mwambie mshahara unatoka tarehe 25. Atajibu kwamba yeye anakuelewa kabisa, dada yangu, ila mfumo ndio hauelewi. Lipa basi elfu ishirini leo, uongezewe siku saba. Unalipa, na deni linabaki laki ileile, halijapungua hata shilingi. Ulichonunua ni wiki ya kusubiri apige tena. Mwombe mchanganuo wa deni kwa maandishi, simu inakatika (mtandao huo, jamani). Muulize ofisi yao iko mtaa gani, anaona haya kama bibi harusi.

Kuna na ahadi ya polisi, ambao watafika saa kumi jioni. Wanasheria husema deni la mkopo ni shauri la madai, mdai aende mahakamani, na polisi si wakusanya marejesho. Wanasheria hawana raha. Wewe umefagia uani, umeoga, umekaa barazani kungoja wageni. Lini nyumba yako ilikuwa safi hivyo?

Wakubwa hawajamtendea haki kijana huyu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo halali lililoelezwa, kana kwamba namba ya mama mkwe ni siri. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya walimwonea mapema zaidi: kanuni za Benki Kuu yao za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa aina hii kutisha, kutukana na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mteja. Sasa atabaki na kazi gani?

Basi akipiga kesho, msomaji, mstahi. Usimuulize jina la kampuni wala namba ya leseni ya Benki Kuu. Usimwambie kwamba unarekodi mazungumzo. Na matusi aliyokuandikia usiyapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ataudhika, na huenda asikupigie tena.