Nani Kakupiga Picha?

Edinburgh, Uskoti

Kwako Shangazi, na kwa wote mtakaosomewa barua hii hapo Kamunyonge, Musoma,

Najua siku hizi watu hawaandiki barua, wanarekodi sauti. Lakini sauti zilizomiminika kwenye grupu la ukoo tangu Jumapili ni nyingi mno, na karibu zote zinaanza na “eti”. Nimeona nijibu kwa maandishi, mara moja, asije mtu akasema hakusikia kwa sababu bando lilikata.

Chanzo ni ile picha. Nimesimama gatini Tobermory, mji mdogo wa kisiwa cha Mull, nyumba za rangi zimejipanga nyuma yangu, nyekundu, njano, bluu, nami nimevaa koti linalonifanya nionekane godoro lililofungwa kamba. Chini nikaandika: “Niko peke yangu, raha tupu.” Dakika haikuisha, baba mdogo wa Nyasho akauliza swali ambalo naona limewanyima usingizi: kama uko peke yako, nani kakupiga picha?

Jeshi la polisi limemkosa yule mzee. Jibu lake lipo na nitalitoa, asihangaike kumpigia paroko. Ila swali lililonigusa ni lako, Shangazi, la saa tano usiku, kwa sauti ya chini ili Babu asisikie: “Huko kisiwani una mwenyeji?”

Sikuwa naye. Na hapo ndipo pa kuzungumza.

Kwetu mtu hasafiri kwenda mahali, anasafiri kwenda kwa mtu. Hatuendi Mwanza, tunaenda kwa kaka Buzuruga. Hatuendi Dar, tunaenda kwa mjomba. Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka stendi ya Bweri alfajiri? Ulimshika kondakta mkono wa shati, ukamwambia: “Huyu ni wako mpaka Buzuruga. Asishuke Bunda, asishuke Lamadi, asinunuliwe kitu dirishani.” Yule kaka wa watu alinihesabu kila kituo pamoja na magunia ya dagaa. Tulipofika akanikabidhi kwa kaka, kaka akakupigia, nawe ukampigia kondakta kuhakikisha kwamba kaka ndiye kaka. Kwa utaratibu huo mtu anaweza kuizunguka Tanzania yote na asisafiri hata siku moja. Anasafirishwa.

Halafu tunajisifu. Mtu wa Mara haogopi kitu: hilo tunalisema sana, na tunalisema tukiwa Mara.

Mimi niliogopa. Barua ya chuo ilipofika, nililala vizuri usiku mmoja wa furaha, baada ya hapo kila usiku nikawa napotea kwenye uwanja wa ndege ambao sijawahi kuuona. Nikimweleza Babu, ananitolea Mwalimu Nyerere. Mnamjua. Mwalimu alizaliwa Butiama hapo mwaka 1922. Mwaka 1934 akaja kuanza shule Mwisenge. Aprili 1949 akapanda ndege Dar es Salaam, akashukia Southampton, akakamata treni London mpaka hapa hapa Edinburgh, na mwaka 1952 akamaliza na shahada yake. “Peke yake!” Babu anagonga fimbo. “Na hakukuwa na WhatsApp!”

Tangu nifike nimepata nafasi ya kusoma habari hizo. Zote ni kweli, Babu hajaongeza chumvi. Ila kuna vipande anavyoviruka. Anamruka Padri Richard Walsh wa St. Mary's kule Tabora, aliyemhimiza Mwalimu aje kusoma na akasaidia mpaka udhamini ukapatikana. Na anaziruka ngazi. Kutoka Butiama alikwenda Mwisenge, kutoka Mwisenge akaenda Tabora, kutoka Tabora akavuka mpaka kwenda Makerere, akarudi Tabora kufundisha, ndipo ikaja Edinburgh, naye ni mtu mzima wa miaka 27. Hakuamka siku moja Butiama akaanza kuuliza treni ya Uskoti inapita wapi. Babu anapenda ile ya mwisho kwa sababu ina ndege.

Nami nilizipanda ngazi zangu, chinichini, bila kuwaambia. Ya kwanza ilikuwa Kinesi. Mlidhani nimekwenda na wanakwaya. Nilikwenda peke yangu, nikakata tiketi ya kivuko pale Mwigobero, nikavuka, nikanywa soda, nikarudi. Msicheke. Hakuna aliyenikabidhi kwa mtu wala aliyenipokea, na soda niliyolipia mwenyewe ng'ambo ilikuwa na ladha nyingine.

Ya pili ilikuwa Sirari, mpakani. Mtu akitaka kujipima, aende hapo. Unashuka tu, wabadili fedha wanakuzunguka na mabunda mkononi, bodaboda wameshakushika begi, na kila mmoja anakuita dada kana kwamba mlinyonya pamoja. Nikafanya ulivyonifundisha kwa wauza samaki: nikasimama, nikakunja uso, nikajifanya nahesabu kitu kichwani. Wakapungua. Ndani, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, unatoka kwenye dirisha la Tanzania unaingia la Kenya, pasi inagongwa, basi. Kumbe nchi za nje zilikuwa mwendo wa asubuhi kutoka nyumbani. Nikaendelea mpaka Nairobi. Kule Kiswahili changu kilinisaidia, maana Wakenya walinisikiliza kwa heshima wanayompa mchungaji. Kuuliza njia nilikuwa na kanuni: nauliza watu wawili wasiofahamiana, wakipishana namtafuta wa tatu mwenye miwani. Kanuni hiyo naitumia mpaka leo, na wenye miwani hawajaniangusha.

Kwa hiyo nilipofika Doha kubadili ndege sikuwa mgeni kabisa wa ugeni. Ule uwanja ni mkubwa, mji mzima umeezekwa. Katikati wameweka sanamu la dubu wa njano, urefu kama mita saba, taa imemtoka kichwani, amekaa kama mtoto aliyesusa. Chini yake ndipo watu wanapoagana kukutana, na ndipo niliposikia Kiswahili cha kila aina: cha Mombasa, cha Kampala, cha Goma. Nikakaa karibu na mama mmoja wa Kilifi aliyekuwa anarejea kwao baada ya mkataba wa kazi za ndani, miaka miwili. Nikamwamkia, akanipa tende, akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia nasubiri nimwone mtu anayekwenda Edinburgh nimfuate. Akacheka mpaka buibui likamvuka.

“Mwanangu, hapa usifuate mtu. Watu hawa kila mmoja aenda kwao. Wewe fuata ubao.”

Alitoka kwao mara ya kwanza akiwa binti, Kiarabu hakijui hata cha kuomba maji, anakwenda kuishi ndani ya nyumba ya watu asiowajua. Hao ndio wasafiri, Shangazi. Sisi wenye barua ya chuo na chumba kilicholipiwa tunadekezwa tu, halafu ndio tunaotoa ushauri.

Nikafuata ubao. Nikafika Edinburgh. Ofisa wa uhamiaji akafungua pasi yangu, akanitazama, na swali la kwanza alilolitoa ni: “Nani anakupokea?” Nikashtuka. Nilidhani umeshampigia.

Sasa tuje Mull. Miezi mingi hapa nilikuwa natoka hosteli naenda maktaba, natoka maktaba narudi hosteli, Jumapili kanisani. Niko ughaibuni, lakini maisha yangu ni ya bweni. Chuo kikafunga kidogo, wenzangu wakaenda kwao, nami nikajiambia: wewe umevuka Sirari, utashindwa kuvuka maji? Nikachagua Mull kwa sababu inafikiwa kwa kivuko, na kivuko nakijua. Treni mpaka Glasgow, treni nyingine mpaka Oban, halafu meli chini ya saa moja hadi Craignure.

Nikiri kwamba kabla sijakaa nilihesabu maboya. Aliyelelewa na ziwa letu, na anayeikumbuka Septemba 20, 2018, siku kivuko kilipopinduka pale Ukara, ataelewa, sina haja ya kuongeza neno. Wakatoa tangazo la usalama, kwanza Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa hivi, kisha Kiingereza. Abiria wote wako kwenye chai na simu zao. Nililisikiliza peke yangu, lugha zote mbili.

Basi la kwenda Tobermory kuna sehemu linapita barabara ya gari moja tu. Magari mawili yakikutana, moja linajibanza kwenye kipande kilichopanuliwa, jingine linapita, na madereva wanapungiana mikono. Kila mara! Dereva wetu aliendesha mkono mmoja ukiwa hewani kama mgombea. Njiani nikaona ng'ombe, na hapa Babu asogezwe karibu. Ni wekundu, wana pembe ndefu za kutanuka, na nywele zimewaangukia usoni mpaka macho hayaonekani. Najua swali lake, ameshaliuliza kwa sauti mbili: mahari wanahesabiwa vipi? Babu, sijui. Nilimuuliza dereva bei ya mmoja, akadhani nataka kununua, akanitazama na lile begi langu, akaniambia kwenye basi haruhusiwi.

Nikafika, nikaweka mzigo, njaa ikanishika. Na sasa nawaambia kitu ambacho vitabu vya safari havisemi. Kupotea si kitu. Lugha si kitu. Kigumu kuliko vyote ni kula peke yako mbele za watu. Sisi tumefundishwa kwamba anayekula peke yake ana roho mbaya, au anaficha kitu. Nikakaa mezani, meza ya watu wanne, mimi mmoja. Samaki akaja kalala juu ya chipsi, mkubwa, wa familia. Meza ya pili kulikuwa na mzee na mkewe wanasubiri chakula chao. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa malezi yako, nikawaambia: karibuni.

Wakatazamana. Mzee akaitazama sahani yangu. Akamtazama tena mkewe, kama anayeomba ruhusa. Kisha akanyoosha mkono, taratibu, akachukua chipsi moja.

Moja tu. Akaila, akatikisa kichwa, akasema ni nzuri. Mkewe akafunika uso kwa aibu, halafu naye akachukua. Chakula chao kilipokuja walishakuwa kwenye meza yangu. Waliniuliza natoka wapi, nikawachorea ziwa kwenye kitambaa cha karatasi, Musoma hapa, Mwanza pale, Kinesi ng'ambo. Waliniambia basi la mwisho linaondoka saa ngapi, njia ipi ya ufukweni ina utelezi, duka lipi linauza soksi za sufu kwa bei ya wenyeji na lipi kwa bei ya watalii. Shangazi, mwenyeji nilimpata, ila nilimpata baada ya kushuka, kwa mtaji wa chipsi mbili.

Huyo mzee ndiye aliyenipiga picha. Ndiyo, baba mdogo, ni mwanamume. Ana umri wa Babu, meno yote yapo, na wakati anapiga mkewe alikuwa amesimama pembeni kamshikia koti, anamwambia miguu yangu imekatika arudie.

Mambo mengine kwa haraka. Fedha nimezigawa: nyingine kwenye mkoba, nyingine pale ulipozifungia wewe siku zote, hapana mwizi wa Ulaya anayepajua. Jina la nyumba ya wageni nilimwachia rafiki wa hosteli kabla sijaondoka, na saa ya kurudi. Usiku sikutembea. Mvua ilininyeshea siku zote na sikuugua, mwambie mama aache kunitumia mapishi ya tangawizi. Na upweke ulinipata, ule wa saa kumi na moja jioni, giza limeingia na hakuna sauti ya mtu anayeita mtoto. Ukanikalia, nikaukalia, asubuhi ukawa umeondoka.

La mwisho linamhusu bintiyo. Ameniandikia pembeni ya grupu kwamba ana nafasi ya mafunzo nje ya nchi na hathubutu, kwa sababu huko hatuna ndugu. Pasi yake aliyoilipia shilingi 150,000 imelala kabatini chini ya vitenge vyako. Itoe. Mwezi ujao apande basi la Nairobi, alale usiku mmoja nyumba ya wageni aliyoichagua mwenyewe, ale mchana mezani peke yake, arudi kesho yake. Usimtafutie mtu wa kumpokea. Yule rafiki yako wa Kayole, kule Nairobi, asijue kabisa, maana ataweka hema kituoni. Mpeleke Bweri, mpe karanga, mwombee akiwa bado chini, kisha ugeuke urudi nyumbani.

Na namba ya kondakta, Shangazi, usiombe.

Wenu,
Wa Uskoti