Namna ya Kugeuza Mbps Kuwa MB Bila Mteja Kushtuka

Hongera, ndugu, kwa kuajiriwa kuuza intaneti. Fulana umepewa, mwavuli umepewa, vipeperushi unavyo. Kilichobaki ni hesabu, nayo ni ya shule ya msingi: kuzidisha na kugawanya kwa 8. Usimwambie mteja kwamba ni rahisi kiasi hicho.

Anza na herufi b. Ikiwa ndogo ni biti, yaani sifuri au moja, basi. Ikiwa kubwa ni baiti, na baiti 1 ni biti 8. Watu wa mawasiliano hupima kasi ya laini kwa biti kwa sekunde. Watu wa kompyuta hupima ukubwa wa faili kwa baiti. Kila upande una sababu zake za tangu zamani, na wewe umesimama katikati yao na mwavuli wako. Kibiashara ni mahali pazuri sana.

Tuseme mteja amenunua laini ya Mbps 10. Anafika nyumbani, anapakua filamu ya MB 700, na kwa akili ya kawaida anategemea kungoja sekunde 70. Hesabu yenyewe ni hii: 700 mara 8 ni megabiti 5,600, gawa kwa 10, unapata sekunde 560. Ni dakika 9 na sekunde 20, endapo mnara haujaelemewa na jirani hajaanza kuangalia mpira. Akija kulalamika usibishane naye. Mwonyeshe ile b ndogo kwenye mkataba. Kwenye bango la barabarani, hata hivyo, andika kila kitu kwa herufi kubwa: MBPS. Nani atagombana na mchora mabango?

Sasa tuje kwenye bando, ambako ujuzi wako utapimwa hasa. Bando huuzwa kwa baiti, kwa hiyo herufi imekuwa kubwa ghafla. GB 1 ni biti bilioni 8. Mwenye kasi ya Mbps 20 akiitumia yote, 8,000 gawa kwa 20 ni sekunde 400. Yaani ile kasi unayoisifia ikifanya kazi kweli kweli, bando la wiki linakwisha kwa dakika 6 na sekunde 40, hata chai haijapoa. Namba hizi mbili zisikutane kwenye kipeperushi kimoja. Na mtandao ukiwa wa kusuasua, unaweza kumwambia mteja bila kupepesa macho kwamba kampuni inamtunzia bando lake.

Kuhusu kilo usipoteze muda mwingi. Dukani kwa Mangi kilo ya sukari ni gramu 1,000, na katika mawasiliano kbps 1 ni biti 1,000 vilevile. Ni kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu ndiko kilo ilizoea kuwa 1,024, na tofauti hiyo ikifika kwenye giga inakuwa zaidi ya asilimia 7. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilileta majina mapya, kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, ili kumaliza ugomvi. Sijasikia mtu akienda kibandani kuomba gibibaiti moja ya usiku. Kanuni ya muuzaji: unapotoa, giga ni ile ndogo.

Ukipandishwa cheo ukawauzia wakubwa, utakutana na vipimo vya enzi za simu. Sauti ya mtu mmoja hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8. Hiyo ni kbps 64. Ulaya wakafunga njia 32 za namna hiyo pamoja, ikawa Mbps 2.048, wakaiita E1, na huku kwetu tukarithi hiyo. Wamarekani wakafunga 24, wakaongeza biti 1 kwa kila fremu, wakapata Mbps 1.544, nayo ni T1. Juu yake kuna STM-1, Mbps 155.52. Mteja mwenye kikokotoo atagawa kwa 2.048 na kutangaza kwa furaha kwamba amepata karibu E1 76. STM-1 hubeba E1 63. Zile 13 zimeliwa na vichwa vya fremu na nafasi za kupangia mzigo, lakini wewe sema ni gharama za uendeshaji. Kila aliyewahi kuchangia mradi wa kijiji atakuelewa.

Penye sherehe, chagua kizio chenye heshima. Mkongo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, ulitangazwa kuwa na uwezo wa Tbps 1.28. Kwa baiti ni GB 160 kwa sekunde tu. Hakuna mgeni rasmi wa kukata utepe kwa ajili ya 160 wakati tera ipo.

Limebaki neno moja, «hadi». «Kasi hadi Mbps 20» inajumuisha 19, 3 na sifuri. Halina kizio, na hakuna kikokotoo kinachoweza kuligeuza, kwa hiyo liandike kwa wino hafifu lakini usilisahau kamwe.

Na atakayekuuliza kabla ya kulipa, «Hizo ni biti au baiti?», mjibu ukweli tu. Huyo atagawa kwa 8 palepale mbele yako.