Muhadhara wa Mtazamandege Mkuu

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, wapishi mlioacha vyungu vyenu kuja kuchota elimu, na wewe dereva uliyeketi nyuma kabisa ukitafuna kijiti: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niwahutubie kuhusu utazamaji wa ndege na wanyama hapa Amboseli katika ukame huu wa 2022. Ninaposema nimeombwa, nalitumia neno kwa upana wake: nilijiomba, nikajikubalia, kisha nikajishukuru. Hakuna aliyepinga, na katika taaluma yetu kimya ni shahada.

Kwa wasionifahamu, na nasikia mko wengi, nina uzoefu wa miaka 30, ukihesabu na ile niliyowinga ndege katika mpunga wa bibi yangu. Niliwatazama kwelea kwa makini yasiyo kifani. Mpunga uliisha wote, lakini tabia zao nilizielewa. Darubini yangu ilitoka Ulaya. Lenzi yake moja nadhani imesharejea kwao. Vitabu vyangu ni vinne, na vyote vimekwisha kuwa na majalada.

Samahani. Hiyo du-du-du-du-du inatoka wapi? Kuna mtu huko nyuma ya hema anamimina maji mtungini. Jamani! Misimu minne ya mvua imekosekana mfululizo, nchi imekauka kama ulimi wa msafiri, nanyi mnamimina maji kana kwamba tuko Ziwa Viktoria? Asubiri nimalize. Dereva, shusha mkono, maswali ni mwisho.

Kanuni ya Kwanza: ukame ni darubini ya maskini. Masika nyasi hurefuka, vichaka hufumba, na simba anaweza kulala hatua tano kutoka garini usimwone hata sharubu. Kiangazi kikikaza, pazia lote huanguka. Nyasi hakuna, majani hakuna, na kila mwenye kiu anajua njia moja tu, ile ya kwenda kwenye mabwawa ya Enkongo Narok na Longinye. Mabwawa hayo hayakauki, kwa sababu maji ya Kilimanjaro hupenya katika miamba ya volkeno, husafiri chini kwa chini, huvuka mpaka kutoka Tanzania bila pasipoti, kisha huchomoza huku Kenya kama chemchemi. Ndovu huzama humo mpaka tumboni, na yangeyange huwafuata nyuma, wakidonoa wadudu wanaokurupushwa na miguu yao. Kwa hiyo mtaalamu hamtafuti mnyama. Mtaalamu huja bwawani, hukaa, hungoja. Hii ni mbinu niliyoivumbua mwenyewe. Dereva wetu huiita “kuegesha gari”, lakini yeye si mtu wa istilahi.

Kanuni ya Pili: hesabu kwanza, mashaka baadaye. Jina la Amboseli latokana na lugha ya Kimaasai na huelezwa kuwa na maana ya vumbi. Watu wa elimu ndogo husema kwamba ziwa lenyewe ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Mimi nimeliona kwa macho yangu, saa saba mchana, likimeremeta kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, na ndani yake heroe wapatao 4,000, wakitetemeka kwa rangi ya waridi, miguu haigusi chini. Nilishuka kuwakaribia. Na hapa ndipo nilipogundua tabia ambayo haimo katika kitabu chochote: heroe wa Amboseli wana haya. Kila niliposogea hatua mia, nao walisogea hatua mia, pamoja na ziwa lao. Baada ya saa mbili nilirudi garini midomo ikiwa imepasuka. Dereva akanipa maji na kunong'ona neno “mazigazi”, nami nikaliandika daftarini kuwa jina la kienyeji la heroe.

Kanuni ya Tatu: mtambue ndege kwa kutumia akili, si macho peke yake. Siku ya tatu niliona juu ya mgunga kiumbe cheusi, chenye masikio mawili yaliyosimama kama ya bundi, kikipanua kifua kila upepo ulipovuma. Mtu wa kawaida angesema ni mfuko wa plastiki. Lakini mtaalamu husoma na sheria! Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Basi, kwa kuwa mfuko hauruhusiwi kuwapo, haupo. Na kwa kuwa haupo, kilichopo ni ndege. Nilimtazama saa tatu, nikamchora, nikampa jina la ukoo wangu. Dereva aliniomba ruhusa, akapanda mti, akamshusha. Ndani ya tumbo ndege huyo alikuwa amehifadhi nusu mkate. Bado ninasubiri majibu kutoka makumbusho mbalimbali.

Du-du-du-du-du! Tena? Huyo mtungi wake hauna mwisho? Dereva, nimekuona. Shusha mkono.

Hapa lazima nigusie suala la orodha, maana mmoja wenu amenong'ona kwamba orodha yangu imetiwa chumvi. Amboseli ina aina zaidi ya 400 za ndege. Mimi nimeona zaidi ya hizo, nikijumuisha na ile inayotua kiwanja kidogo asubuhi ikishusha watalii. Msicheke. Kiswahili kimetupa neno moja kwa viumbe wote wawili, na wao wenyewe hawabaguani. Mwaka 1973, juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi, tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria. Ndege kwa ndege! Hakuna ndege mwingine aliyepata kuthibitishwa kuruka juu kiasi hicho. Kama tumbusi aliihesabu ile ndege kuwa mwenzake, mimi ni nani niikatae?

Na tumbusi wanatuleta kwenye Kanuni ya Nne: fuata mzoga. Tumbusi wa huku hawategemei pua, hutegemea macho. Mmoja akishuka, wa mbali humwona akishuka naye hufuata, na wa mbali zaidi humwona huyo wa pili, hata mbingu nzima ikawa kama watu wanaoitana matangani. Katika ukame hakuna haja ya kungoja. Wizara ya Utalii imetangaza mwezi huu kwamba kati ya Februari na Oktoba ndovu 205 wamekufa nchini, pamoja na nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, punda milia wa Grévy 49 na twiga 12. Kwa mtazamaji wa tumbusi, mabibi na mabwana, hizi ni takwimu za neema.

Ndivyo nilivyoandika katika maelezo ya muhadhara huu, nami nayasoma kama yalivyo.

Jana tu, nje kidogo ya hifadhi, nilimkuta kijana mchungaji, umri wa miaka 12 hivi, amekaa karibu na mzoga wa nyumbu. Nikaona fursa ya kumwelimisha. Nikamwonyesha yule tumbusi mkubwa mwenye kichwa chekundu na ngozi zilizoning'inia, nikamwambia huyo ni mfalme, hula wa mwisho kwa adabu. Kijana akatikisa kichwa. Akasema huyo ndiye mwenye kisu: wenzake wana midomo ya kuvuta nyama, yeye ndiye anayeweza kuchana ngozi ngumu, na asipokuja wengine huhangaika. Wale wenye shingo ndefu isiyo na manyoya huingiza kichwa chote ndani. Wadogo huokota vipande pembeni. Kongoti husimama kama mzee wa mirathi, akingoja wengine wavute yeye aibe. Akaeleza yote hayo bila kitabu, bila hata darubini yenye lenzi moja.

Nikamuuliza: mwanangu, umejifunzia wapi? Akasema mwaka huu amekuwa na masomo mengi. Ng'ombe wa baba yake walikuwa sitini. Sasa ni saba.

Niliona si vyema kuingiza habari za mifugo katika mazungumzo ya kisayansi, nikarudi garini. Dereva hakuwasha gari upesi. Alishuka, akampa yule kijana dumu letu la maji, wakazungumza kidogo kwa Kimaasai, wakatazama upande wa mlima. Nililinakili tukio hilo kama ucheleweshaji wa dakika kumi.

Tumalizie na Kanuni ya Tano, iliyo taji la zote: sikio. Macho huchezewa na vumbi, lakini mtaalamu halisi humjua ndege kwa mlio wake akiwa amefumba macho. Tufanye jaribio. Fumbeni macho. Nyamazeni.

Mnasikia? Barabara. Hakuna ndege hata mmoja. Kinachosikika ni yule yule mpuuzi nyuma ya hema anayemimina maji. Du-du-du-du-du, inaanza juu inashuka, kama mtungi unaomwagwa maji. Haya, dereva, naona mkono umekufa ganzi. Sema, lakini kwa kifupi.

Anasema: “Profesa, jikoni hakuna mtu. Wapishi wote wako hapa wanakusikiliza. Na maji ya kambi yaliisha jana jioni. Huyo ni dudumizi, yuko kwenye kichaka kile tangu ulipoanza. Kwetu akilia namna hii, akina mama hutoa vyombo nje.”

Tunamshukuru dereva kwa mchango wake wa kimila. Nieleze tu, kwa faida ya wasomi, kwamba ndege si ofisi ya hali ya hewa, na kwamba hakuna dudumizi katika orodha yangu, kwa hiyo hayupo. Ile hoja ya mfuko, mnaikumbuka?

Jamani, mnakwenda wapi? Muhadhara haujaisha. Mpishi, rudisha sufuria hilo. Wewe mama, ndoo hiyo unaipeleka wapi? Mwenyekiti, hata wewe? Kuna sehemu ya maswali, kuna vyeti, kuna ada ndogo ya kushiriki!

Vizuri. Nitaendelea na viti, viti havinong'oni. Kama nilivyokuwa nikisema, mtaalamu halisi humjua kila kiumbe kwa sauti yake, hata hema likianza kupiga kelele namna hii, tap, tap, tap, juu ya turubai. Tafadhali! Nani huko juu anamimina maji?