Muulize Mjomba: Turbo Yenye Kiu na Matairi Yenye Upara

*Mjomba, nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998. Fundi mmoja anasema niweke oili ya 20W-50, mwingine 5W-30. Matairi nayo yameota upara. Nifanyeje? — Mwenye Turbo, Wote*

Mpwa wangu, umebisha mlango wenyewe. Kutoka Mtito Andei hadi Mwingi hakuna anayeijua Impreza kunishinda, na wanaobisha ni walewale wa Probox. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, mimi nilikuwa kando ya njia, vumbi hadi kwenye kope, nikimpungia kofia. Sisemi mimi ndiye niliyemshindisha. Nasema tu kwamba kabla sijampungia hakuwa ameshinda Safari hata moja, na baada ya hapo akashinda mbili zaidi, 1999 na 2002. Richard Burns naye akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Huyo nilimpungia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika sahani ya muthokoi, na bado ilitosha.

Ulisema oili. Haya. Hiyo W si ya Wote, msijipe sifa. Namba iliyo kabla yake inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya mwisho ni uzito wake ikishachemka nyuzi 100. Theluji haijawahi kuonekana Kibwezi, kwa hiyo 0W waachie Wazungu. Lakini 20W-50, ukiwasha gari alfajiri, inaelekea kwenye turbo kama karani wa ofisi ya ardhi anayetafuta faili, na turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Haina subira ya kumngoja karani. Nayo 5W-30 ni nyepesi mno kwa injini ya umri huo iliyokwisha kulegea. Kama haili oili, tia 10W-40. Kama inakula na kutoa moshi wa buluu, panda hadi 20W-50 na uanze kuuza mbuzi, kwa sababu kufungua injini kunakuja. Na usome mtungi: alama inayoanza na S ni ya petroli, ukiona C peke yake, hiyo ni ya lori la mchanga, hata muuzaji akuapie kwa mama yake.

Kupima kwa kijiti, gari lisimame tambarare. Najua ndugu zangu wa Mbooni watalalamika kwamba kwao tambarare ni madhabahu ya kanisa tu. Waombe ruhusa kwa kasisi.

Dawa ya kienyeji pia ipo. Kule Kitui wazee husimulia kwamba ukilizunguka jiwe la Nzambani mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Lizungushe hilo Subaru mara saba uone kama halitatoka Probox, lisiloijua kiu. Mimi mwenyewe nilikomea mzunguko wa sita, kwa heshima ya mke wangu.

Matairi! Mimi tairi nalijua umri kwa kulinusa. Wewe ambaye hukujaliwa pua, tafuta ubavuni herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho wa mstari huo: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwonyeshe huyo anayekuuzia "jipya" kisha umtazame anavyokohoa. Wala usinunue mawili. Impreza inavuta kwa magurudumu yote manne. Majipya mbele na vipara nyuma hayazunguki sawasawa, na difu ya katikati ndiyo inayolipa. Tena achana na rimu za 17 za vijana. Katika 205/55R16, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana, yaani sentimita 11 na ushee. Ukivaa 215/45R17 unabaki na chini ya 10, halafu shimo la kwanza baada ya lami kwisha linakukunjia rimu. Upepo pima asubuhi kabla hujatoka, si saa nane mchana pale Makindu, raba ikiwa imekwisha kuungua.

Ningekueleza pia jinsi nilivyomshauri mhandisi mmoja Mjapani, akalia, lakini mhariri ananionyesha saa. Ana wivu. Basi kimbia: oili na filta mpya kila kilomita 5,000, baada ya mwendo mkali, acha injini iungurume dakika moja hivi kabla ya kuzima, turbo ipoe, na litunze, kwani sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo la 1998 ukiliua hutaagiza jingine.

Yule wa Mwingi aliyeuliza kuhusu breki zisizoshika, nitamjibu toleo lijalo. Kwa sasa asiteremke mlima.