Hisa za Bahasha

Kabuga siku hizi haina tena wauza nyanya, mafundi cherehani wala madereva wa pikipiki. Wote wamekuwa wawekezaji. Simamisha pikipiki ikupeleke Nyagasambu: kabla dereva hajakupa helmeti, atakuuliza kama umesikia habari za kampuni ya vifungashio. Kampuni gani? Hapo anashusha sauti, anatazama huku na huku, kisha anakwambia, "Ile ya kijani."

Jina lake hakuna anayelijua. Kiwanda hakuna aliyekiona. Mmoja anasema kiko Masoro, mwingine Bugesera, wa tatu ana hakika kwamba bado kiko kwenye kompyuta. Ila bei ya hisa kila mtu anayo mdomoni: faranga mia. Wengine wameshapanga kuuza kwa mia tatu. Hasara peke yake ndiyo haijapangiwa kitu.

Makao makuu ya wataalamu hawa ni benchi la duka langu, hapa karibu na stendi. Benchi nililiweka kwa ajili ya wateja. Wawekezaji hawanunui kitu. Wanakaa kivulini mwangu, kiu ikiwashika wanaenda kunywa baa ya jirani, wakirudi wananiambia nimekosa maono.

Hoja yao inaanzia kwenye sheria. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Kenya ilifuata nyayo Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Mpaka hapo sina ubishi. Mgeni yeyote anayeingia kwa njia ya Rusumo anajua hadithi ya kufunguliwa sanduku na kuachishwa mfuko wake wa nailoni pale mpakani. Basi Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wa benchi, akachukua chaki yangu ya kuandikia madeni akapiga hesabu ukutani.

"Sensa ya mwaka 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni kumi na tatu. Weka bahasha moja ya karatasi kwa kila mtu kwa siku. Zidisha kwa mwaka!"

Nikamuuliza kama amewatoa watoto wachanga.

"Mtoto mchanga naye ananunuliwa sabuni," akajibu. Benchi zima likaitikia kwa kichwa.

Nikawakumbusha kwa upole kwamba Soko la Hisa la Rwanda lilizinduliwa tarehe 31 Januari 2011, na kampuni zilizomo unaweza kuzitaja zote ukiwa unasubiri chenji. Kuna bia, kuna benki, kuna simu, kuna saruji. Ya vifungashio haimo.

"Ndiyo maana bei bado ni nafuu, mzee wangu," akasema mmoja wao, kinyozi.

Mtu akikujibu hivyo utamwambia nini? Nikajaribu historia. Kampuni ya bia ya Bralirwa iliuza hisa zake kwa faranga 136, Benki ya Kigali ikauza mwaka 2011 kwa 125, na kote maombi yalizidi hisa zilizokuwepo. Mwaka 2015 ikaja Crystal Telecom kwa 105, kampuni ambayo mali yake kubwa ilikuwa kushikilia asilimia 20 ya MTN Rwanda. Walionunua walisubiri mpaka Mei 2021, ndipo MTN yenyewe ikaingia sokoni kwa 269 na wao wakapewa hisa zake. Kutoka 2015 hadi 2021, bwana! Na hiyo ni kampuni ambayo wateja wake wanaikatia vocha kila asubuhi. Kinyozi akasema yeye hawezi kusubiri hivyo, ana kodi ya mwezi huu.

Kuna pia kijana mmoja wa duka la simu, yeye anadharau soko la Kigali, anasema ni dogo. Yeye ananunua hisa za Marekani kwenye simu yake, vipande vipande, kama mtu anayenunua sigara mojamoja. Nikamuuliza kama anaijua Danimer Scientific ya huko Georgia. Hao walikuwa na kila kitu ambacho benchi letu linakiota: plastiki inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea, kiwanda kinachoonekana kwa macho, na wateja wenye majina makubwa. Waliingia soko la New York mwishoni mwa 2020. Februari 2021 hisa moja ilivuka dola 60. Mwezi uliofuata gazeti la Wall Street Journal likahoji kama plastiki hiyo inaoza upesi kama wanavyodai. Bei ikaanza kuteremka, na haikupata breki. Mwishoni mwa 2024 ikabidi hisa 40 ziunganishwe ziwe moja ili angalau ionekane kama hisa. Machi 2025 wakakimbilia mahakama ya mufilisi. Plastiki ilitakiwa ioze, hisa zikawahi.

Kijana akafikiri kidogo. "Tatizo lao hawakuwa na sheria kama yetu."

Turudi basi kwenye hiyo sheria, maana hapa ndipo wananichosha. Mimi si mchumi, lakini kwenye biashara hii ya bahasha mimi ndiye mteja. Nazinunua kwa mabunda. Sheria inanikataza kumfungia mtu sukari kwenye nailoni. Hainiambii bahasha ninunue kwa nani. Wiki hii ananiletea mama mmoja anayezikunja nyumbani kwake na binti zake, kwa gundi na kisu. Wiki ijayo akija mwingine aliyepunguza faranga mbili, namchukua huyo, na simuombi msamaha mtu. Mteja wangu naye haulizi bahasha imetoka kiwanda gani. Anauliza kwa nini nataka kumtoza. Sasa kampuni yenye mitambo, mkurugenzi, gari la mkurugenzi na wakaguzi wa hesabu inakuja kushindana na mama wa gundi, mbele ya mnunuzi bahili kama mimi. Soko litakuwepo, sikatai. Faida ndiyo sijui itapitia mlango gani. Na hilo gawio la Mwalimu ni mimi natakiwa kulilipa!

Wajanja wa kweli wa sheria hii hawajawahi kukaa kwenye benchi langu. Ni wale wanaovusha nailoni kimagendo kutoka Goma, wameifunga mwilini chini ya nguo, wakijua faini na jela vinawasubiri. Siwasifu. Nasema tu kwamba wao angalau bidhaa yao inauzwa hata mvua ikinyesha.

Maana mvua nayo ni jambo. Juzi Mwalimu alitoka sokoni na kilo mbili za nyanya na fungu la mboga za dodo lililokuwa limemwagiwa maji ili lisinyauke. Vyote kwenye bahasha moja ya kaki. Maji ya dodo yakashuka taratibu, kaki ikageuka rangi upande mmoja, halafu gundi ya kitako ikaachia, upande wa kushoto kwanza, kisha wote. Nyanya zikamwagika, zikabingirika chini ya Coaster ya Remera iliyokuwa imewasha injini. Mwalimu akapiga magoti pale chini, mtu mzima mwenye pensheni yake, akawa anazivuta moja moja kwa fimbo huku akimlaani aliyetengeneza takataka ile, na ukoo wake, na gundi yake. Alipoinuka akajipangusa, akaziweka zile zilizopona ndani ya kofia yake.

"Umeona?" akaniambia. "Hii inaonyesha sekta bado ina nafasi kubwa ya kukua."

Jumapili wakaleta hoja kwenye ikimina, chama chetu cha kuweka akiba. Fedha ya mwaka isigawanywe. Ikae tayari, siku kampuni ikijitokeza tusikute hisa zimekwisha. Nikapinga. Nikaambiwa nina wivu wa maendeleo. Tukabishana mpaka giza likaingia, tukahamia baa kwa jirani, na huko mjadala ukapata nguvu mpya, maana kila hoja ilikuja na bia yake ya Primus. Mwenye hoja ya mazingira aliagiza, mwenye hoja ya bei aliagiza, mimi mpinzani niliagizwa na hasira. Meza ikajaa chupa, na kampuni ikawa bado haina jina.

Pembeni alikaa mama mmoja mjane, mwanachama wetu wa siku nyingi, na chai yake. Kwenye mikutano huwa hasemi. Mwalimu akamgeukia amwombe kura.

"Mama, na wewe utanunua?"

"Mimi nilishanunua, Mwalimu. Mwaka 2011."

"Ulinunua nini mwaka 2011?"

Mama akaangalia zile chupa za Primus, akahesabu kwa macho, akatabasamu.

"Bralirwa," akasema. "Msijali, endeleeni na mjadala. Agizeni nyingine."