Shangazi Makucha Anajibu: Mgeni wa Nyuma ya Friji

Wiki hii mfuko wa barua umejaa manyoya. Inaonekana kila jirani ambaye paka wake amezaa kapita mtaani akigawa watoto, na kila mwenye huruma kapokea kabla ya kuuliza anapokea nini. Haya, tuanze. Shangazi habembelezi mtu, paka tu.

*Shikamoo Shangazi. Nimepanga chumba kimoja Sinza. Jumamosi nililetewa kitoto cha paka kwenye boksi la sabuni, mzuri ajabu, ana macho ya bluu. Nilipofungua boksi akachomoka, akajichimbia nyuma ya friji, na mpaka leo Jumatatu anatoka usiku tu. Washkaji walikuja kumwona wakaambulia patupu. Saa kumi alfajiri analia mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Ananichukia? — Mpweke wa Sinza*

Marahaba, mwanangu. Hakuchukii. Hajakufahamu kiasi cha kukuchukia. Ijumaa alikuwa amelala ubavuni mwa mama yake, kabanwa na ndugu zake. Jumamosi kajikuta kwenye chumba kinachonuka mafuta ya nywele, spika inadunda, na wanaume wanne wazima wamepiga magoti wanamulika tochi za simu wakisema "pspspsps". Wewe ungetoka?

Pale nyuma ya friji kachagua kwa akili: pana joto, pana giza, na mkono wako haufiki. Kagua tu kama hakuna waya uliochubuka, kisha mwache. Washkaji waje mwezi ujao. Weka maji na chakula upande mmoja wa chumba, na beseni la mchanga upande wa pili, kwa sababu paka hapendi kula jirani na choo, jambo ambalo natumaini nyinyi wawili mnakubaliana nalo. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa kabisa. Kufukua na kufukia anajua mwenyewe. Kazi yako ni kuzoa kila siku. Beseni likichafuka, usimlaumu akihamia kwenye kikapu chako cha nguo.

Jioni kaa sakafuni, soma hata gazeti la juzi, usimkazie macho. Akichungulia, fumba macho taratibu, yafumbue taratibu, halafu endelea na gazeti lako. Usicheke. Mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba paka humsogelea kwa urahisi zaidi mtu mgeni anayemfumbia macho hivyo kuliko anayemtazama bila hisia. Umewahi kutongoza kwa njia ngumu zaidi ya hiyo.

Kuhusu kilio cha saa kumi: alfajiri na magharibi ndizo saa za paka kuchangamka. Mchezeshe kabla ya kulala, kisha mlishe, naye atalala. Lakini ukiinuka kila anapolia ukampa dagaa, umemfundisha kwamba kilio kinalipa, na atalia hadi uhame Sinza.

Sasa hayo macho ya bluu uliyoyasifia. Karibu vitoto vyote vya paka huzaliwa nayo, na mara nyingi rangi huanza kugeuka wanapokaribia wiki 6 au 7. Yaani huenda umepewa mtoto anayenyonya. Kwa kawaida asitenganishwe na mama kabla ya wiki 8, na wiki 12 ni bora zaidi, kwani kwa ndugu zake ndiko anakofundishwa, kwa kung'atwa, kwamba kung'ata kunauma. Kama mama yake yuko mtaa wa pili, mrudishe amalize masomo. Kama haiwezekani, mlishe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na usiku mwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye taulo. Akipoa hali, na asiyekula kwa umri huo hana akiba ya kumfikisha mbali.

*Shangazi, nina duka la nafaka Manzese. Nimechukua paka wa miezi miwili kwa ajili ya panya. Nimeshauriwa nisimlishe ili awe mkali. Wiki nzima imekwisha, kazi yake kulala juu ya gunia la maharage. Jana panya buku alipita mbele yake, wakatazamana, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Nimrudishe? — Mfanyabiashara*

Umeajiri mtoto mchanga, humlipi, na sasa unalalamikia utendaji wake.

Paka wa miezi 2 hafiki kilo moja. Panya buku aliyekomaa huipita kilo. Hao walipotazamana, mmoja alikuwa akipima kama anaweza kumla mwenzake, na si paka. Panya buku si wa kudharau hata kidogo: pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wenzake wamefunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Ana taaluma, mwanangu. Wako ana gunia la maharage.

Huo ushauri wa kumshindisha njaa umeenea kuanzia Manzese hadi Mwanza, nami nitaupinga mpaka nizikwe. Paka hawindi kwa njaa peke yake. Kitu kidogo kikikimbia mbele yake, mwili unaruka wenyewe, ameshiba hajashiba. Ndiyo maana paka wa nyumba za kitajiri huleta mijusi sebuleni bila kuwala. Njaa humpa udhaifu tu, na mdhaifu akishika panya, panya humshika yeye. Mlishe. Atakapofika miezi sita au saba, panya wadogo watakoma, na hao wakubwa wataanza kuhama kwa harufu yake tu, au la. Buku mzee hana adabu.

Kumlisha nini? Si ugali na mchuzi. Ugali utamjaza tumbo lakini haumjengi, kwa kuwa paka ni mla nyama kwelikweli: kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, kimo ndani ya nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho hufifia na moyo hulegea. Nenda kwa muuza kuku, omba mioyo na firigisi, chemsha bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo viwili huharibu damu yake. Maini kidogo tu. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha. Dagaa wa kuchemsha, sawa.

Na kama kwenye kona za duka umeweka sumu ya panya, iondoe leo, kabla hajaila yeye mwenyewe au kumla panya aliyeila.

*Shangazi, paka wangu mpya ana viroboto mpaka kwenye kope. Dada wa kazi anataka kumwogesha kwa ile dawa ya maji inayoua vijidudu, baba mdogo analeta dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka Chalinze. Nimsikilize nani? — Mama Wawili, Tabata*

Usimsikilize yeyote, na chupa zote mbili zifungie kabatini.

Ini la paka halina uwezo wa kuvunjavunja kemikali nyingi ambazo la binadamu au mbwa linazimaliza. Ile dawa ya maji, inayogeuka nyeupe ukiichanganya na maji, ni sumu kwake, na hata ukimsuuza atajilamba iliyobaki. Dawa nyingi za mbwa na za ng'ombe zina permethrini au jamaa zake. Paka huanza kutetemeka, kisha degedege, kisha unaandika barua nyingine ambayo sitaki kuisoma. Kwa sababu hiyohiyo, akionekana mnyonge usimpe parasetamoli. Tembe moja yaweza kumuua.

Chukua kitana chenye meno ya kubanana, bakuli la maji ya sabuni, na kipindi kirefu cha redio. Chana kuanzia shingoni, kila kiroboto unayemnasa mzamishe kwenye bakuli. Angalia ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wamemnyonya sana, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Huko huko akapewe dawa ya minyoo, kwani vitoto vingi huambukizwa minyoo kwa maziwa ya mama, na apangiwe chanjo. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza akitimiza miezi 3. Ndiyo, kichaa cha mbwa. Paka hajui kama jina la ugonjwa si lake. Akikung'ata mnyama asiye na chanjo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.

*Aunty, paka wetu dume anaitwa Sultani, ana miezi 7, rangi tatu: nyeupe, nyeusi na chungwa. Amenenepa tumbo ghafla na ametoboa chini ya kitanda. Tumpunguzie chakula? — Familia ya Buruburu*

Sultani ana mimba.

Rangi ya chungwa ya paka hukaa kwenye kromosomu ya X. Ili chungwa na nyeusi zikutane mwili mmoja huhitajika X mbili, na mwenye X mbili kwa kawaida ni jike. Dume wa rangi tatu huzaliwa kwa nadra sana, naye karibu kila mara ni tasa. Jike anaweza kushika mimba hata akiwa na miezi 4 au 5, na huibeba kwa takriban wiki 9. Mwongezeeni chakula. Akishamaliza kunyonyesha, afungwe kizazi, la sivyo mtaa mzima wa Buruburu utaniandikia. Jina msibadilishe, ameshalizoea.

*Assalaam alaykum Bi Makucha. Tunakwenda harusini Pemba siku tatu. Mume wangu asema tumfungie mtoto wa paka stoo na bakuli kubwa la maziwa, yatosha. — Bi Harusi Mdogo, Unguja*

Waalaykumu salaam. Kwa joto la Unguja maziwa hayo yatakuwa yameharibika kabla ya adhuhuri, na hata yakiwa mabichi maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, mumeo aliisikia chuoni tangu mdogo, mkumbushe ilivyomwishia. Mtoto wa jirani apite asubuhi na jioni na chakula, maji na koleo la mchanga. Mletee halua.

Nafasi imekwisha. Barua nyingine zitajibiwa toleo lijalo, isipokuwa ya yule wa Magomeni aliyeweka kitoto cha paka na vifaranga sita chumba kimoja "ili wakue wakizoeana". Wewe usisubiri toleo lijalo. Watenganishe ukimaliza sentensi hii, kisha uhesabu vifaranga.